Usiseme Wewe Ni wa Kwanza

Felista mwanangu,

Marahaba. Naitikia kabisa hapa juu, kwa sababu kesho basi likisimama Korogwe utaniamkia kwa haraka, konda akigonga bati na abiria wakigombania chipsi, nami nitakuwa nimeduwaa nikitazama ulivyokua, nisahau hata kuitikia. Najua ungeweza kupanda basi la kupitia Dodoma ukafika Dar bila kuzunguka. Umechagua hili la Arusha ili tuonane kwa muda wa kula sahani moja. Nimekuelewa, na nimeshukuru. Lakini ninayotaka kukuambia hayaishi kwa sahani moja, kwa hiyo nitakukabidhi barua hii uisome njiani. Tena mengine siwezi kuyasema nikikutazama usoni, maana nikikuona nitafurahi, na mimi sasa hivi nina hasira na wewe. Sitaki hasira hii iishe kabla sijaitumia.

Leo Jumapili. Korona, ile mashine ya kuchambua mkonge, imenyamaza, na kamba zetu za kuanikia singa, zile nyuzi zake, ziko tupu hadi kesho. Wenzangu wengine wamekwenda kanisani, wengine wamelala. Nimekaa mlangoni kwangu hapa kambini, daftari liko juu ya ndoo iliyofunikwa. Mwandiko ni ule ule wa darasa la nne, na vidole vimekuwa vigumu kwa singa, kwa hiyo vumilia.

Sitakuambia uvae nini wala ulale kwa nani. Hayo bibi yako amekwisha kukuambia, na najua ameyarudia kwa Kiiraqw ili uogope vizuri. Mimi nina neno moja tu, nalo umelisema mwenyewe. Wa kwanza.

Wiki iliyopita tulikuwa kwenye kamba tunaanika. Nyapara wetu ana redio ndogo ambayo huitundika kwenye nguzo. Nikasikia sauti yako. Nilidhani jua limenipata. Nikapiga kelele, "Ni Felista! Ni mwanangu huyo!" Wanawake wote wakaacha singa. Mama Zuhura, yule jirani yangu wa Kigoma niliyekwambia anakoroma kama trekta, akanifokea, "Nyamaza basi tumsikie, umezaa peke yako?" Mtangazaji akakuuliza wewe ni nani. Ukajibu kwa ile sauti yako ya shuleni kwamba wewe ni mwanamke wa kwanza kutoka huku kwetu, Mbulu na Hanang, kutengeneza filamu.

Wenzangu wakanipigia vigelegele. Nyapara mwenyewe akanipa mkono. Nikacheka, nikashukuru, nikainama kuokota singa nilizoangusha, na nilipoinama ukanijia uso wa mama yako mkubwa Paskalina, kule Gehandu. Nikajua na yeye ana redio.

Jioni ile nikampigia. Nikamwamkia, tukaulizana mvua, tukaulizana mbaazi. Mwishowe nikamwambia, "Dada, umemsikia mtoto?"

Akacheka. "Nimemsikia. Anaongea vizuri, hatafuni maneno kama wewe."

"Amesema wa kwanza."

"Mwache mtoto ajidai kidogo."

Mtandao ukakatakata, nikaita haloo, haloo. Akasema, taratibu kabisa, "Anjelina, basi mimi nilishika nini? Jembe?"

Hilo ndilo linaloniumiza. Nimeanika singa siku zote hizi nikilitafutia jibu.

Paskalina unayemjua wewe ni mama wa kule Gehandu mwenye shamba la mbaazi, anayecheka kwa mkono mdomoni. Ukiulizwa, utasema zamani alikuwa anapiga video za harusi. Mimi ndiye niliyekufundisha kusema hivyo. Nilikuwa nasema hivyo mbele yako tangu ukiwa mdogo, "alikuwa anapiga video za harusi," kama mtu anayesema fulani alikuwa na baiskeli. Sasa nikueleze.

Ilikuwa miaka ile ya video za mkanda. Pale Katesh kulikuwa na mfanyabiashara, Mzee Shabani, kwao Kondoa, ana duka la redio na betri, na nyuma ya duka ana kibanda cha kuonyeshea video. Kamera yake ilikuwa ya kubeba begani, inameza mkanda mzima. Mwanawe ndiye aliyekuwa akiishika. Lakini kwenye harusi za familia za Kiislamu pale mjini, upande wa wanawake mwanaume haingii, na wanawake nao walitaka video yao. Paskalina alikuwa akifagia dukani na kupanga bidhaa. Mzee Shabani akamwita, akamwekea kamera begani, akamwonyesha kitufe. Basi. Alimpa kazi kwa sababu ya mlango ambao mwanawe hakuweza kuupita. Baada ya muda yule mwanawe akahamia Arusha, Paskalina akabaki na harusi zote, za Waislamu na za Wakristo, Katesh, Gitting, Dongobesh, hadi Mbulu mjini kwenye ile baridi. Mimi nilikuwa mbeba betri. Betri ya gari, ndani ya kikapu, na taa juu ya mti wa ufagio. Hili bega langu la kulia linaloniuma wakati wa mvua halikuanzia kwenye mkonge.

Kila tulikofika tuliulizwa swali moja. Fundi yuko wapi?

Nakumbuka harusi moja Mbulu. Mzee wa familia ametoka na koti lake, maharusi wamesimama mlangoni. Akatutazama tulivyosimama na vyombo vyetu.

"Mabinti, fundi yuko wapi? Watu wanasubiri."

"Shikamoo mzee," Paskalina akasema. "Fundi amefika."

"Marahaba. Yuko wapi sasa?"

"Ndiye mimi."

"Aa, binti, acha utani wako. Huyu wa betri ni msaidizi, na wewe ni mshika kamera. Mimi namuuliza fundi."

Tukafanya kazi mchana kutwa. Wakati wa chakula yule mzee akaleta sahani iliyojaa nyama, akaifunika kwa nyingine, akatukabidhi kwa heshima. "Hii ni ya fundi. Akifika mpeni." Tukajificha nyuma ya nyumba tukaila yote, tukacheka hadi Paskalina akapaliwa. Felista, tumekula sahani nyingi za fundi ambaye hakuwahi kuja. Wakati ule niliona ni kichekesho tu. Leo nikikumbuka zile nyama nasikia uchungu mdomoni.

Na kila mkanda ukianza, yanatokea maandishi yenye maua, jina la duka la Mzee Shabani. Siku moja Paskalina akamwuliza, "Mzee, na langu?" Mzee Shabani hakukasirika. Alishangaa kweli. Akasema, "Jina si lipo? La duka. Wewe umeona wapi mpishi akiandikwa kwenye sahani?" Alikuwa mtu mwema kwa namna yake, alitupa chai asubuhi, hakutugusa wala kututukana. Usidhani wanaofuta watu wote wana sura mbaya.

Sasa nakuja kwenye filamu. Ndiyo, nimeandika neno filamu, na silifuti.

Tulikuwa tunarudi kutoka harusi upande wa Gehandu, pikapu ikaharibika. Tukatembea kutafuta msaada, tukakuta wanawake wengi wa Kibarbaig wamekaa uwandani na fimbo zao. Kulikuwa na mwanaume aliyempiga mkewe aliyekuwa bado kwenye uzazi, mtoto mchanga kabisa. Kwa wale mama hilo si jambo la nyumba moja. Wakaacha nyumba zao, wakakaa pamoja kumhukumu, na hawaondoki mpaka alete dume la ng'ombe. Mwanaume mwingine hakaribii. Waume zao walikuwa huko mbali wanajipikia wenyewe.

Kulikuwa na bibi mmoja, mkavu, mrefu, bangili za shaba hadi karibu na kiwiko. Akamtazama Paskalina na lile dude begani. Kiswahili chake kilikuwa cha kuvunjavunja lakini kilitosha.

"Hicho nini?"

"Kamera, bibi. Inaona na kukumbuka."

"Inakumbuka kunishinda mimi?"

"Hapana, bibi. Lakini yenyewe haifi."

Bibi akawageukia wenzake akawaeleza, wakacheka sana, wengine wakatema mate pembeni. Wakabishana kwa lugha yao. Halafu akarudi. "Basi ikumbuke. Binti zetu walioolewa mbali waone. Lakini mwanaume asitazame. Haya ni ya kwetu." Paskalina akakubali, akampa mkono.

Tukakaa nao. Pikapu ilipopona dereva akaondoka, sisi tukabaki. Paskalina alipiga mpaka mwisho, hata siku ile yule mwanaume alipoleta dume, kichwa chini. Mimi nilidhani atamkimbilia yule mwanaume na kamera, maana ndiye kila mtu aliyekuwa akimsubiri. Hakumkimbilia. Alikaa chini, kamera ikawa usawa wa miguu ya wanawake, akamwelekea yule mke aliyepigwa, ananyonyesha. Hukumu yote ikapita nyuma yake, unasikia sauti tu na kuona kwato za yule dume. Akaacha kamera pale pale. Nikamnong'oneza, "Dada, geuza, unakosa!" Akasema, "Sikosi."

Ile filamu yako uliyonitumia kwenye simu, niliitazama na kina Mama Zuhura tumebanana kitandani. Yule mzee wako wa Gitting anamaliza kuongea na wewe unaiacha kamera imtazame tu, hadi anameza mate. Uliniambia watu wa Dar wamekusifu kwa hilo, kwamba ni jicho jipya. Mwanangu, mimi jicho hilo nililibebea betri.

Mkanda ule ulionyeshwa mara moja. Kulikuwa na mwalimu wa kike pale Gehandu mwenye televisheni. Tukaazima jenereta, tukaziba madirisha kwa mablanketi mchana, wanawake wakajaa hadi wengine wakakaa juu ya meza. Walivyojiona! Walipiga kelele, walitaniana nani amekaa vibaya, nani anasinzia kwenye kesi ya watu. Alipotokea yule mke na mtoto wake, wakaacha kutaniana. Mwenyewe alikuwa amekaa mbele kabisa. Alijitazama muda mrefu, halafu akasema, "Kumbe nilikuwa nimekaa wima."

Sijui mnafundishwa nini huko kwenye mafunzo yenu kuhusu sinema ni nini. Mimi niliona pale.

Habari ikamfikia Mzee Shabani. Akataka mkanda. Alijua wanaume watajaa kwenye kibanda chake kuona mambo waliyofichwa maisha yao yote. Paskalina akakataa.

"Kamera yangu," mzee akasema, "mkanda wangu, betri yangu."

"Nimeahidi, mzee."

"Umeahidi kwa kamera ya nani?"

Paskalina akaishusha begani, akaiweka juu ya kaunta, akamwambia, "Shikamoo, mzee," kama mtu anayeaga, akatoka na mkanda ndani ya kitenge. Hakushika kamera tena hadi leo.

Tukaupeleka mkanda Gitting kwa bibi yako. Bibi akauliza, "Hiki ni kitu cha maana?" Paskalina akamwambia, "Mama, kina maana kuliko ng'ombe." Basi bibi yako akakitunza kama anavyotunza vitu vya maana. Akakipandisha darini juu ya mafiga, pamoja na mahindi ya mbegu, pale moshi unapofukuza wadudu wa dumuzi. Kwa nyumba yetu hakuna mahali pa heshima kuliko pale. Moto wa bibi unaujua, kule kwenye baridi hauzimwi. Mkanda ukakaa juu ya moto huo miaka, na kila tulipoulizia bibi alisema, "Upo, hata panya hajaugusa."

Siku tuliyoushusha, plastiki ilikuwa imejikunja na utepe wa ndani umegandana kama ugali wa jana. Bibi yako akaugeuzageuza mikononi. "Mbona mbegu ziko salama?" akauliza. Alikuwa anauliza kweli. Paskalina akamwambia, "Umetunza vizuri, mama," akaenda shambani kupalilia. Nilimfuata. Nilimwambia neno ambalo nilidhani ni la kumfariji. Nilisema, "Afadhali. Sasa utatulia uolewe." Akatulia. Akaolewa. Mimi nikaendelea kusema ni video za harusi, kwa sababu ilikuwa rahisi, na kwa sababu nilichoka kubeba kitu ambacho hakuna aliyekiuliza. Kwa hiyo hasira yangu si yako peke yako. Nusu ni yangu, lakini mimi naweza kujigombeza kila siku hapa kwenye kamba. Kwako nina barua moja tu.

Maana kumbuka, Felista. Ulipokuwa kwenye yale mafunzo Arusha ulinipigia ukiwa umewaka hasira. Ulisema mmepewa kitabu cha historia ya sinema, kinene, na wanawake weusi wamewekwa kwenye kisanduku pembeni ya ukurasa mmoja. Ukanieleza juu ya wanawake weusi wa Amerika waliotengeneza filamu tangu zamani zile za picha zisizo na sauti, na filamu zao hazionekani tena, zimebaki kutajwa tu, tena kwa wasiwasi, watu wanabishana kama kweli walizitengeneza. Ukanieleza juu ya wa Afrika Magharibi ambao kazi zao zilikaa kwenye makopo ya kuhifadhia filamu hadi wao wakazeeka. Nilikuwa nimesimama juani na simu, hata sikuona nyapara akija. Ukasema, "Mama, wametufuta." Nilijisikia vizuri kwamba umekasirika. Nilijiambia, huyu hatakubali.

Halafu nikakusikia redioni, na wewe umeshika kifutio.

Najua hukukusudia. Hukujua habari za mkanda. Lakini ulijua kuna mwanamke aliyebeba kamera begani katika milima yetu kabla hujazaliwa, na hukumhesabu kwa sababu zilikuwa harusi. Waliokitunga kile kitabu chenu nao nadhani walikuwa na sababu kama hiyo. Huyu filamu zake zilikuwa fupi mno, yule hakuwa na kampuni, yule mwingine zilikuwa za nyumbani. Kila mmoja anaondolewa kwa sababu ndogo tu.

Na hili neno wa kwanza, nimelifikiria sana nikianika. Linaonekana kama zawadi. Lakini tazama linavyofanya kazi. Kila anapotokea mwanamke mweusi na kamera, wanashangaa, wanamwita wa kwanza. Anapigiwa makofi. Akiondoka wanasahau, na mwingine akija wanashangaa upya, naye wa kwanza. Kama tungekuwa na wa pili na wa tatu na wa kumi, wangetakiwa kutuandikia kitabu. Ukiwa wa kwanza kila siku, kisanduku kinatosha.

Uliniambia yule bwana anayeandaa onyesho la filamu yako huko Dar amelichapa neno hilo kwenye tangazo, na kwamba neno hilo ndilo lililowafanya wakuite. Ulisema, "Mama, hilo ndilo linalouza." Sikudanganyi. Ukimwambia alifute, anaweza kukunja uso. Anaweza kusema unamharibia. Anaweza kukuita mtu mgumu, na huenda safari nyingine asikuite. Paskalina alimwamkia Mzee Shabani kwa heshima, akaweka kamera kwenye kaunta, na ikawa mwisho wake. Mimi sikuombi uweke kamera chini. Hata kidogo. Ukiiweka chini nitapanda basi nikufuate huko huko. Nakuomba uishike, na hilo neno uliache.

Nimemwuliza mama yako mkubwa kama naweza kukuandikia haya, kwa sababu ya ile ahadi. Akafikiri. Akasema, "Tulikatazwa kuonyesha. Kusimulia hatukukatazwa." Halafu akaongeza, na hii ni kwa ajili yako, kwamba usije ukapata wazo la kutafuta waigizaji na kuigiza mkutano wa wale mama ili wanaume wa Dar wautazame. Mkanda kuharibika hakujafuta ahadi. Nimekwambia kama alivyosema. Nilimwuliza pia kama yeye basi ndiye aandikwe wa kwanza. Akacheka, nadhani mkono ulikuwa mdomoni. "Mimi najuaje? Labda kuna mwingine kule Singida, kamera ya kaka yake, naye anapalilia sasa hivi. Mwambie mtoto aseme aliyemjua. Asiyemjua amwachie nafasi."

Ndivyo alivyosema, na mimi darasa la nne siwezi kupita hapo.

Kwa hiyo siku ile wakikusimamisha mbele, taa zikiwa machoni, na yule bwana akianza na neno lake, mwache amalize. Umsalimie. Halafu useme kuna mwanamke anaitwa Paskalina, yuko Gehandu, alinitangulia, filamu yake hamtaiona. Wakikuuliza kwa nini hawataiona, waambie. Waambie na habari ya darini, usione aibu. Si ushamba. Wenye maghala ya chuma nao wamepoteza filamu za watu wengi kuliko bibi yako.

Na ukifika, mpigie yeye kabla yangu. Simu yake hushika mtandao akipanda juu ya kichuguu cha nyuma ya nyumba, kwa hiyo mpigie jioni, akiwa ametoka shambani. Usimwombe msamaha mrefu, atachoka. Mwulize tu alikuwa anaweka kamera wapi mvua ikinyesha harusini. Ataongea hadi salio likuishie.

Jua limefika kwenye ndoo, Mama Zuhura ameamka ananiuliza naandika Biblia au nini. Nimemwambia namgombeza mtoto. Amesema nikusalimie, nisikugombeze sana, redioni ulisikika umekonda.

Kesho nitakuwa nimesimama karibu na wauza machungwa, kitenge changu cha njano, mikono imejaa mikwaruzo kama unavyoijua. Najua utatoa simu unipige picha dirishani, huwezi kujizuia, jicho lile umelirithi. Sitajificha safari hii. Ila mwaka jana ulinipiga picha ukaiweka mtandaoni, chini yake ukaandika mama mmoja mfanyakazi wa mkonge. Niliiona.

Safari hii andika jina.

Mama yako,
Anjelina